Shomoro mbona anambagua kinda wake mdogo?

SWALI: Habari za kazi. Hapa kwetu Mbagala shomoro wamejenga chini ya bati pale barazani, wana makinda wanne na mmoja ni mdogo sana, hata manyoya hajaota vizuri. Mama yao akija na mdudu anawapa wale wakubwa, huyu anabaki kaachama mpaka shingo inamlegea. Mwanangu analia, anasema yule mama ana roho mbaya. Kwani si angetaga mayai mawili tu kama chakula hakimtoshi? Na je, nimpe wali? (Mama wa watoto wawili, Mbagala)

JIBU: Dada yangu, mpe pole mwanao, mi mwenyewe nimeshawahi kukaa chini ya kiota hivyo hivyo na inauma kweli. Ila mama yake hambagui. Shomoro anataga yai moja kwa siku, na mara nyingi anaanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga, kwa hiyo yai la mwisho linachelewa kuanguliwa na huyo kinda anakuta wenzake wameshakula na kupata nguvu. Mzazi akitua haulizi nani hajala, anatumbukiza kwenye mdomo uliomfikia karibu zaidi na uliopanuka zaidi, basi. Wadudu wakiwa wengi wale wakubwa wanashiba wanasinzia, ndo zamu ya mdogo inafika, na mvua ikinyesha vizuri anaweza kupona kabisa.

Hilo la kutaga mawili ni swali zuri sana, maana siku anayotaga hajui wiki tatu mbele wadudu watakuwepo au la, akitaga machache na chakula kikawa kingi amepoteza, akizidisha wote wanakonda. Mtaalamu wa ndege wa Uingereza, David Lack, aliliandikia hili mwaka 1947, akisema ndege anataga idadi ambayo wazazi wanaweza kuilisha mpaka watoke. Kule Oxford kuna teleka, wale wanaofanana na mbayuwayu, kawaida yao makinda wawili au watatu, watafiti wakawaongezea wafike wanne, na viota hivyo vikatoa wazima wachache kuliko vile vya watatu! Na mzigo ukizidi, mzazi mwenyewe anachakaa, mwakani asiwepo.

Wali usimpe wala maziwa. Shomoro mkubwa anakula nafaka, ila makinda anawaletea wadudu laini, viwavi na panzi, ndo vinavyowakuza. Muonyeshe mwanao pia yule mwenye kidevu cheusi, huyo ni baba, naye analisha.

Akidondoka mrudisheni tu kiotani, hayo maneno kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono si kweli. Na dawa ya kupulizia wadudu hapo barazani iacheni kwanza, ni kama wiki mbili tu watakuwa wameshatoka.