Habari Mbaya Humfikia Lini Bosi Wako?

Watu wengi wakisikia habari za uongozi wenye huruma humfikiria bosi mpole: anasalimia kila mtu kwa jina, anakumbuka siku za kuzaliwa, hapandishi sauti. Sina ugomvi na upole. Nimefanya kazi chini ya mabosi wapole na wakali, kisha nikapewa timu ya kuiongoza mwenyewe, na nimeona ofisi ambazo kila mtu anatabasamu huku hakuna anayethubutu kusema ukweli. Kwa hiyo siku hizi, nikitaka kujua kama kiongozi ana utu, siangalii tabasamu lake. Naangalia habari mbaya inachukua muda gani kumfikia, na ikishamfikia anaipokeaje.

Kuna msimamizi mmoja niliyewahi kuwa chini yake ambaye hadi leo namtumia kama kipimo. Siku moja kijana wa idara yetu aliingia ofisini kwake na karatasi mkononi, hata kuketi hakutaka. "Mama, faili la mishahara lililokwenda benki ni la mwezi uliopita. Nimelituma mimi." Sisi wengine tulikuwa tumetega masikio, tunasubiri mvua ya maneno. Yule mama akavuta kiti cha pembeni, akachukua kalamu, akauliza: "Nani hawamo kwenye lile la zamani?" Walikuwa waajiriwa wapya wachache. "Basi tuanze na hao. Wapigie wewe, kabla hawajaangalia akaunti zao. Mimi naongea na benki."

Mambo yalipotulia ndipo alipomwita tena, wakakaa kutafuta ilikuwaje mafaili mawili yakawa na majina yanayofanana hivyo. Wakabadilisha utaratibu: faili likishalipwa, linahamishwa kwenye folda nyingine siku hiyo hiyo. Na kijana hakusamehewa kienyeji, maana ni yeye aliyewapigia wale watu, akaeleza na kuomba radhi. Ila hakuna aliyemdhalilisha. Sisi tuliokuwa tunasikiliza tulijua kuanzia pale kwamba humu ndani ukikosea unamkimbilia bosi, humkimbii.

Hivyo ndivyo utamaduni wa kazi unavyojengwa, na ndiyo maana yale mabango ya ukutani yanayosema wafanyakazi ni hazina yetu huwa hayanisisimui. Watu hawasomi bango. Wanamtazama aliyekosea jana wajue amefanywa nini.

Jambo hili limechunguzwa. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, ambaye sasa ni profesa wa Harvard, alikuwa akifuatilia makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zinazoelewana zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikampa kinyume: timu zilizoonekana kuongozwa vizuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikishwa. Alipochimba zaidi akaona kuwa tofauti kubwa haikuwa kwenye kukosea, ilikuwa kwenye kusema. Kwingineko wauguzi walikuwa wakifunika kombe mwanaharamu apite. Mwaka 1999 akachapisha utafiti mwingine, wa timu 51 za kampuni moja ya viwanda, na akaonyesha kuwa pale watu wasipoogopa kuuliza, kukiri na kupinga, timu hujifunza zaidi na hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa meneja hili lina matumizi ya moja kwa moja. Ripoti za timu yako zikipita muda mrefu bila kosa hata moja, usikimbilie kupongeza. Uliza kwanza kama kuna mtu anaweza kukuletea kosa.

Viwanda vya Toyota vimeliweka wazo hilo kwenye mtambo kabisa. Kwenye mstari wa kuunganisha magari kuna kamba, au siku hizi kitufe katika baadhi ya viwanda, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta au anakibonyeza. Kiongozi wa timu anakuja mara moja. Wasipolitatua tatizo kabla gari halijafika mwisho wa kituo kile, mstari unasimama. Angalia nani anatembea hapo: kiongozi ndiye anayemfuata mfanyakazi penye tatizo. Ofisi nyingi zinafanya kinyume, mtu anaitwa juu kwenda kujieleza.

Sasa tuje kwenye shida za maisha, maana hapo ndipo wengi wetu tunapodhani tunajua la kufanya. Mfanyakazi amefiwa, au ana mgonjwa nyumbani, au ndoa imevunjika. Tunamwambia, "Pole sana. Ukihitaji chochote usisite kuniambia." Kauli nzuri, na inatoka moyoni. Lakini hebu jiweke upande wa pili. Umeongezewa kazi tatu: ufikirie unahitaji nini, upime kama ukiomba utaonekana dhaifu, halafu uende ukaombe. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi hayo. Atasema "asante bosi, nitakujulisha," na hatakujulisha.

Mimi huwa najaribu kuja na kitu kilichokwisha kufanyika. "Ripoti ya mwezi huu ataifunga mwenzako, nimeshaongea naye. Kikao cha Alhamisi nitakwenda mimi. Barua pepe zako zinakuja kwangu hadi urudi. Ukirudi tutaanza na nusu ya mafaili yako, tuone." Halafu namuuliza swali moja tu: "Wenzako niwaambie nini?" Hilo swali usilisahau. Wapo wanaotaka kila mtu ajue ili wasiulizwe-ulizwe, na wapo ambao kwao ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Wewe huwezi kukisia, na siri ya mtu ikishazagaa kwenye korido hakuna atakayekuletea nyingine.

Ila kuna upande ambao makala nyingi za uongozi huuruka, nao ni huu: ule mzigo uliomtua huyu, umembebesha nani? Kwa uzoefu wangu jibu ni lile lile. Unakwenda kwa yule anayetegemewa, asiyelalamika, au yule ambaye watu wamejiambia kuwa hana majukumu nyumbani. Baada ya muda anaanza kuchoka, na hakuna anayemwona kwa sababu kazi zake bado zinatoka. Bosi anasifiwa kwa huruma iliyolipwa na mtu mwingine.

Kama kweli unamhurumia mtu wako, lazima kitu kipunguzwe, na mara nyingi anayepaswa kwenda kukiomba kipunguzwe ni wewe. Unapanda ngazi, unawaambia wakubwa kwamba uchambuzi ule wa kila wiki utakuwa wa kila mwezi kwa sasa, au mteja ajulishwe tarehe mpya. Hawatafurahi. Kununiwa kidogo na wakubwa ni sehemu ya kazi ya anayeongoza watu, na ukiona hujawahi kununiwa kwa ajili ya timu yako, jiulize.

Na kupunguza mzigo, ambao ndio unaorefusha saa za kazi, si suala la kubembelezana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Miaka miwili kabla, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeueleza uchovu uliopindukia wa kazini kuwa unatokana na msongo sugu wa kazi ambao haukudhibitiwa: mtu ameishiwa nguvu, ameichukia kazi yake au kujitenga nayo, na ufanisi wake umeshuka. Wameuita jambo la kazini, hawakuuita ugonjwa. Kwa hiyo dawa yake ianzie kazini. Nimeshaona watu waliochoka wakipelekwa semina ya kukabiliana na msongo wa mawazo, tena Jumamosi. Walirudi Jumatatu wakakuta mafaili yale yale, na sasa hata mapumziko hawakuyapata.

Tuje kwa asiyefanya vizuri. Hapa bosi mpole ndipo anapoharibu. Anamwona mtu anachelewesha kazi, anaogopa kumuumiza, anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mwaka mzima, kisha kwenye tathmini anampa alama za chini. Mtu anapigwa na butwaa. Wenzake waliokuwa wakisahihisha kazi zake kimyakimya nao wana kinyongo, na majungu yameshaota mizizi. Hapo hakuna aliyehurumiwa isipokuwa bosi, aliyejiepusha na mazungumzo magumu.

Sema mapema, sema faraghani, na sema kuhusu kazi. Usimwambie "siku hizi umekuwa mzembe." Mwambie: "Taarifa za mauzo za mwezi huu zimekuja baada ya kikao, ikabidi twende bila namba. Nini kinatokea kati ya siku unayozipokea na siku unayozituma?" Kisha nyamaza. Ukimya ule unatesa, najua, nawe utatamani kumsaidia kujibu. Vumilia. Mara nyingine utagundua data zenyewe zinamfikia zimechelewa kutoka idara nyingine na hakuna aliyewahi kuuliza. Mara nyingine ni uzembe kweli, na hapo mnawekeana tarehe na kipimo. Ikishindikana kabisa, kuachana kwa heshima na kwa ukweli nako ni utu.

Kwa yule hodari anayewanyanyasa wenzake sina maneno mengi. Kila ofisi inaye, na kila ofisi inajua kwa nini haguswi: analeta fedha. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unatambua haki ya kila mtu kufanya kazi mahali pasipo na ukatili wala unyanyasaji. Ukimwacha kwa sababu ya mauzo yake, timu nzima imeshajua bei ya heshima yao.

Utaniuliza, na mimi kiongozi je? Kusikiliza shida za watu kila siku kunachosha, na ni kweli. Watafiti Olga Klimecki na Tania Singer walionyesha kuwa kuumia pamoja na mtu na kumtakia nafuu ni mambo mawili tofauti hata kwenye ubongo. Waliofunzwa kuhisi uchungu wa wengine walizidi kusononeka, na walipofunzwa huruma, yaani kumtakia mema anayeteseka, hisia nzuri zikapanda. Kwa lugha ya ofisini: huna haja ya kulia na kila anayelia. Sikiliza, kisha jiulize kati ya yote hayo lipi liko mikononi mwako. Ratiba? Kazi ya wiki hii? Barua ya kumwezesha kupata likizo? Fanya hilo, mengine si yako kuyabeba.

Nami sisahau kwamba wengi wetu si wakurugenzi. Mshahara huupangi, nafasi za ajira huzifungui. Lakini kikaoni unaweza kuzungumza wa mwisho, maana bosi akishatoa maoni wengine wanakubaliana naye tu. Ujumbe uliouandika saa nne usiku unaweza kuupanga utoke asubuhi. Kazi ikisifiwa huko juu unaweza kumtaja aliyeifanya.

Na kila unapokaa na mtu mmoja mmoja, muulize: "Nini kinakukwamisha ambacho mimi naweza kukiondoa wiki hii?" Mwanzoni atasema hakuna, bosi. Usimbane. Baadaye atakutajia kitu kidogo, pengine kompyuta inayojizima au ruhusa ya kuingia kwenye mfumo iliyokwama kwa watu wa teknolojia. Kishughulikie haraka kuliko anavyotegemea, kwa sababu anakupima. Kikubwa kinakuja baada ya hapo. Na kama hakiko ndani ya uwezo wako, mwambie hivyo siku hiyo hiyo, pamoja na umekipeleka kwa nani na lini utarudi na jibu.