Ngumi au kiganja

Swali la wiki hii linauliza iwapo michezo ya mikono, isiyohitaji chombo chochote, inaweza kumfunza mtu lolote kuhusu kushirikiana na kushindana. Naamini inaweza, mradi tutazame jinsi alama zinavyogawiwa.

Jiwe, karatasi na mkasi ni ushindani mtupu, kwa kuwa anachopata mmoja ndicho anachokosa mwenzake, na kinga pekee ni kutotabirika. Shufwa na witiri, mchezo wa kuonyesha vidole na kubashiri kama jumla yake inagawanyika kwa mbili, ni vivyo hivyo.

Sasa wachezaji wawili na waonyeshe kwa pamoja ama kiganja ama ngumi. Wakitoa viganja wote, kila mmoja apate alama 3. Wakitoa ngumi wote, kila mmoja apate 1. Na mmoja akitoa ngumi mbele ya kiganja, mwenye ngumi apate 5 na mwenzake aambulie sifuri. Lolote atakalofanya mwenzako, ngumi inakulipa zaidi, lakini wawili wanaoifuata hesabu hiyo huishia na alama 2 kwa jumla badala ya 6. Fumbo la namna hii, ambalo baadaye liliitwa mtanziko wa wafungwa, lilibuniwa Marekani na wanahisabati Merrill Flood na Melvin Dresher mwaka 1950.

Mchezo ukirudiwa, mambo hubadilika. Robert Axelrod, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, alishindanisha programu za kompyuta katika mchezo huo na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Iliyoshinda, ya Anatol Rapoport, ilikuwa fupi kuliko zote: huanza kwa kushirikiana, yaani kwa kiganja, kisha hurudia alichofanya mwenzake katika raundi iliyotangulia. Kinachonivutia mno ni kwamba programu hiyo haiwezi kumpita mpinzani yeyote wanapokutana ana kwa ana. Iliongoza kwa sababu iliwavuta wengi kushirikiana nayo, na alama zikajikusanya.

Kwa hiyo ningewaomba walimu wanaouchezesha wasitangaze idadi ya raundi, kwani katika raundi ya mwisho inayojulikana hakuna tena cha kulipizwa, hivyo kila mmoja hutoa ngumi, na hesabu hiyo hurudi nyuma raundi baada ya raundi hadi ikafika mwanzoni. Muhimu zaidi, wawaambie wachezaji wakusanye alama nyingi kadiri wawezavyo, wala wasiwaambie wawashinde wenzao, maana anayetafuta kumshinda mwenzake huona tatu kwa tatu kuwa sare tu, na hana sababu ya kukunjua ngumi.