Jazi ya Kilatini isiyochezeka

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mwanangu amenipatia albamu ya Charlie Haden iitwayo Nocturne, akisema kwamba ni jazi ya Kilatini. Mimi niliyekulia Ngamiani nikicheza Jamhuri Jazz na Atomic Jazz sisikii dansi humo: kila wimbo unakwenda polepole, hakuna mwimbaji, na baba watoto anadai kwamba ni muziki wa kumbembelezea mtoto. Je, kuna jambo linalotupita?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Mzee hajakosea kuhusu mwendo, ila upole huo umekusudiwa. Albamu hiyo ya mwaka 2001 imejaa bolero, yaani nyimbo za mapenzi za Cuba na Mexico. Bolero ilichipuka Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19 mikononi mwa waimbaji wa magitaa, na dansi mliyoicheza Ngamiani ina undugu nayo, kwa kuwa santuri za Cuba za mfululizo wa GV zilienea Afrika tangu miaka ya 1930; wapiga dansi wetu walichukua zaidi upande wake wa kuchangamka.

Haden, aliyezaliwa Iowa nchini Marekani mwaka 1937, alikuwa mpiga besi, ile kubwa ya kusimama, na hapo ndipo pa kutega sikio. Hakimbizi vidole, hupiga noti moja nzito, akaiacha ilie hadi ikaribie kufa, ndipo alete nyingine, hivyo kwamba Gonzalo Rubalcaba, mpiga piano wa Cuba ambaye Haden alikutana naye Havana mwaka 1986, anapata nafasi pana ya kuusimulia wimbo kama mwimbaji ambaye maneno yake mnayakosa. Ignacio Berroa naye hupapasa ngoma kwa brashi, wala hakuna tumba. Redio ndogo humeza besi yote, na yamkini hilo ndilo lililowanyima utamu. Tumieni spika yenye kifua.

Msianze na wimbo wa kwanza, kwa maana fidla yake, kwa maoni yangu, imetiwa sukari kupita kiasi, na masikio yaliyozoea fidla za taarabu yataona hivyo upesi. Anzeni na Noche de Ronda, ambamo Pat Metheny anapiga gitaa, kisha mwende Tres Palabras, utunzi wa Mcuba Osvaldo Farrés. (Albamu ilipata tuzo ya Grammy ya jazi ya Kilatini, ingawa tuzo haimwamshi anayesinzia.)

Mkiipenda, mwambieni kijana awatafutie Land of the Sun ya mwaka 2004, ambamo Haden na Rubalcaba walirudi kwenye tungo za Mexico, hasa za José Sabre Marroquín.