Mafundi wa mabango wakikutana huwa wanafanya nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi naandika mabango, ila kazi zangu karibu zote ni kompyuta na mashine ya kukata stika. Fundi aliyenifundisha kila akikaa anasimulia zile wikiendi walizokuwa wanakutana mafundi wa brashi, mpaka anacheka peke yake. Kwani walikuwa wanafanya nini, si walikuwa wanagombania wateja walewale?

JIBU: Marahaba mwanangu, umenikumbusha mbali! Wateja tuligombania kweli, na siri za kazi tulifichana, unaosha brashi za fundi wako mpaka unachoka na akianza kazi nzuri anakupa mgongo. Ndo maana vijana wachache wa Denver, Marekani, mwaka 1975 walianza kukutana wafundishane wenyewe, wakajiita Letterheads, mtindo ukasambaa nchi nyingine.

Hotuba hamna, kila mtu na kibao chake. Mimi nilikuwa nafuata herufi za dhahabu za kwenye kioo. Unayeyusha jelatini kidogo kwenye maji ya moto unapaka nyuma ya kioo, halafu ile brashi pana unaipitisha kwanza shavuni kwako ipate mafuta ya ngozi ndo inyanyue karatasi ya dhahabu, nyepesi hiyo, ukipumua vibaya imepaa. Sasa waone watu wazima na vitambi vyao wamebana pumzi kuzunguka kioo kimoja, mara mtu anapiga chafya huko nyuma... tulicheka mpaka basi.

Mengine hata wewe wa kompyuta yanakuhusu. O lazima izidi mstari kidogo juu na chini, la sivyo inaonekana kibete. Nafasi za herufi pima kwa jicho sio rula, A na V zisogeze karibu, ukishapanga geuza kibao juu chini, palipoachana utapaona fasta. (Mashine za stika zilivyoingia miaka ya 80 tulinuna sana, nisikudanganye.)

Sasa muulize huyo fundi wako kama ile fimbo yake ya kuegemezea mkono bado anayo. Kama ipo aite wenzake Jumamosi moja, na wewe beba mashine yako, uwekee kalamu badala ya kisu iwachoree herufi kubwa kwenye karatasi, wao watatoboa vitundu kufuata mchoro na kupigia vumbi la mkaa lipite kwenye vitundu liache mchoro ukutani, kazi ya kuchora kwa penseli utakuwa umewapunguzia kabisa na brashi watakuachia ujaribu.