Oslo mpaka Nordkapp kwa siku 10? Ongeza siku kaka

Kaka, umeuliza kama siku 10 zinatosha kwenda Nordkapp, ile rasi ya juu kaskazini mwa Norwe, na kurudi Oslo na pikipiki mwezi wa tano. Hazitoshi, kwenda tu ni kama kilomita 2,000, utakua unaendesha tu huoni kitu, tafuta wiki tatu. Na mwezi wa tano mi ningeuacha, milimani theluji bado ipo, barabara ya mlimani ya Sognefjellet inapanda mpaka mita 1,434, nenda mwisho wa Juni au Julai maana kule juu jua halizami kabisa kwa hiyo giza halikukimbizi. Barabara ya Trollstigen ina kona kali 11, tamu sana, ila angalia kwanza kama iko wazi, mawe yakiporomoka wanafunga. Halafu visiwa vya Lofoten usiviruke nakuomba, panda feri Bodø ushuke Moskenes, hapo hata siku nne ni chache. Spidi ya mwisho nje ya mji ni kilomita 80 kwa saa, faini zao zinauma. Tenti beba, unalala bure ukikaa mita 150 toka nyumba za watu. Suti ya mvua nunua nzuri, na vaa sweta kabla ya taneli ya Nordkapp, inashuka mita 212 chini ya bahari