Kuhusu ardhi ya pamoja: mfano wa Wahadzabe

Ndugu, umeuliza iwapo jamii inayoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi inaweza kulinda pori lake kisheria bila kuhamishwa. Inawezekana: mwaka 2011 Wahadzabe, jamii ya aina hiyo, wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Tanzania, walipata hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa mujibu wa mila, kwa zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Uzito wa hati hiyo, kwa maoni yangu, uko katika kuwa ya jamii nzima, kwa maana hakuna mtu mmoja awezaye kuuza kipande cha ardhi hiyo, na mkulima au mfugaji anayesogea hukuta mpaka unaotambulika, unaolindwa na askari wa jamii wanaolipwa kutokana na mauzo ya hewa ya ukaa, yaani malipo ya kutunza miti inayohifadhi kaboni. Kijijini kwenu, anzeni na mpango wa matumizi ya ardhi, yaani kukubaliana eneo lipi litumike kwa kazi gani.