Mbuta wa 48.5 aliyesomeka 50: kwa mnaoanza kupima samaki kwa kamera

Katika Ziwa Victoria, mbuta (sangara) wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Nilipokuwa nikijaribu mtambo wangu wa kwanza hapa Kisumu, mbuta wa sentimita 48.5 alisomeka 50 kamili. Samaki anayelindwa na sheria alipita, na kompyuta haikuona kasoro yoyote. Jambo hilo liliniuma.

Nilitumia programu ya OpenCV na njia ya kusahihisha vipimo vya kamera aliyoichapisha mtafiti Zhengyou Zhang mwaka wa 2000. Unachapisha miraba myeusi na myeupe kama ya ubao wa drafti, unaipiga picha mara nyingi ukiinamisha ubao huku na huku, nayo programu inakokotoa jinsi lenzi inavyopinda mistari. Mwishowe inakupa wastani wa kosa kwa pikseli. Langu lilikuwa 0.3, nikaridhika mapema mno. Namba hiyo husema tu kwamba picha zako zinaafikiana na hesabu. Haijui kama mraba uliouita wa milimita 30 ni wa 29, na printa hupenda kupunguza ukurasa ili utoshee karatasi. Chukua rula ya chuma, pima miraba minane kwa pamoja, gawanya, kisha andika ulichopata wewe.

Kilichonikosesha mimi, hata hivyo, ni kimo. Kamera ilikuwa mita moja juu ya meza, na ubao niliulaza mezani ili programu ijue pikseli moja ni milimita ngapi. Samaki hawezi kulala bapa kama karatasi. Unene wake uliinua mstari wa pua hadi mkia kama sentimita 3, akawa sentimita 97 kutoka kwenye lenzi. Gawanya 100 kwa 97, zidisha kwa 48.5, utamwona yule mbuta wangu. Siku hizi nauinua ubao kwa vipande vya mbao hadi kimo cha samaki, na wakija wanene zaidi nabadilisha vipande. Inachosha, lakini njia ya mkato ninayoiamini sijaipata.

Zima fokasi ya kujirekebisha yenyewe. Ikisogea, vipimo vya lenzi vimebadilika. Usibandike miraba kwenye kadibodi, kwa maana unyevu wa ziwa huikunja; bandika kwenye kioo. Na unapopiga picha, fikisha ubao hadi pembeni mwa fremu, maana huko ndiko lenzi hupinda zaidi, na ndiko mkia wa mbuta mrefu huangukia.

Kila asubuhi, kabla ya samaki wa kwanza, naweka fimbo ya alumini ya sentimita 50 katikati ya trei, kwa kimo cha samaki, kisha kwenye kila pembe. Ikikosea zaidi ya milimita 3 popote, samaki wanasubiri kwenye barafu nami naanza upya.